Haikuwa malaria

Chungu cha tatu, Ramadhani ya mwaka juzi, mama alinikuta nimekaa sakafuni chooni, nimejifunika doti nzima ya khanga, natetemeka. Ni Dar es Salaam, mwezi wa Machi, joto la kumfanya paka alale chali kwenye marumaru. Jasho linanitoka, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, kamasi zinachuruzika, tumbo linaendesha tangu daku. Mama ni mtu wa Tanga, amelea watoto saba kwa kwinini na dua, hakuhitaji kuuliza mara mbili. "Malaria hiyo," akasema. "Twende kabla haijakupanda kichwani."

Kwenye zahanati ya mtaani wakanitoboa kidole. Kipimo kikatoa mstari mmoja, yaani mdudu hayupo. Mama akasema kipimo kibovu. Nesi, nadhani kwa kutuonea huruma, akatupa dawa mseto vilevile. Niliitapika kwenye bajaji kabla hatujafika nyumbani.

Aliyenipima sawasawa ni fundi viatu. Anakaa chini ya mkungu pembeni ya geti letu, na zamani mtaa mzima ulimjua kama teja. Siku hizi kila asubuhi, mvua au jua, anakwenda hospitali ya Mwananyamala kunywa methadoni yake, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga wa heroini, pale pale dirishani mbele ya mtoa dawa, kisha anarudi kwenye sindano na gundi yake. Niliposhuka kwenye bajaji nilipiga miayo miwili mfululizo, ile ya kutoa machozi, nikamalizia na chafya nne. Fundi akainua macho kutoka kwenye soli.

"Dada," akasema taratibu ili mama asisikie, "hiyo si malaria. Malaria haimpigishi mtu miayo namna hiyo. Hiyo arosto. Umeacha nini?"

Sikumjibu. Nilikasirika. Mimi mhasibu, mama wa watoto wawili, baibui langu limepigwa pasi, teja ananiuliza swali la kiteja! Niliingia ndani nikajifungia, nikalia, kwa sababu alikuwa amepatia.

Nilikuwa nimeacha tramadoli, vidonge vya maumivu.

Agosti ya mwaka uliotangulia, bodaboda iliyokuwa inapita upande usio wake iliniparamia nikiwa navuka barabara. Mfupa wa muundi ukakatika vipande viwili. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma, nikatoka na mkongojo na vidonge vya siku kumi. Niseme wazi kwamba vile vidonge vilinisaidia. Aliyewahi kuvunjika mfupa mkubwa anajua maumivu ya usiku wa kwanza nyumbani, pale sindano za hospitali zimekwisha nguvu na kila anayepita karibu na kitanda unamwona kama anataka kukukanyaga. Siilaumu dawa kwa zile siku kumi.

Shida ilianza siku ya kumi na moja. Tramadoli ni dawa ya cheti, lakini kuna duka (sitalitaja, na kwa kweli wala haliko peke yake) ambalo baada ya kunizoea halikuniuliza cheti tena. Swali lilikuwa moja tu, "Za kawaida?", kama mtu anayeuza vocha. Karatasi moja ya vidonge kumi kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Nikawa nanunua karatasi mbili, kisha tatu.

Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu zenyewe ni hizi. Kidonge kimoja kina miligramu 50. Oktoba nilikuwa kwenye vinne kwa siku. Januari, sita. Siku za kufunga mahesabu ya mwezi, ambapo ofisini hatutoki mpaka saa tatu usiku, nilifika tisa. Tisa mara hamsini ni 450. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na kwamba ukizidisha hapo unaweza kuanguka na kupata degedege ukubwani, hata kama katika ukoo wenu hajawahi kutokea mwenye kifafa. Mimi nilikuwa nimevuka mstari huo nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nahakiki stakabadhi za mafuta ya magari.

Ukiniuliza nilikuwa natuliza nini, sina jibu safi. Mguu, ndiyo. Lakini pia ile dakika ya arobaini hivi, kidonge kinapoanza kufanya kazi na kifua kinafunguka, watoto wanapiga kelele na mimi nacheka. Baba watoto aliligundua kabla yangu. Nikianza kufoka jioni alikuwa haulizi kuna nini, anauliza, "Mama, umechelewa dawa?" Lile swali lilinichoma kuliko angenitukana.

Basi usiku ule mwezi ulipoandama niliweka nia. Nilifungua karatasi zote, nikavitumbukiza vidonge chooni, nikavuta maji. Nilijiambia naacha kwa ajili ya Mungu, na jambo baya huachwa lote kwa siku moja. Labda kwa dhambi ni hivyo. Mwili hauna habari na nia yako. Mwili ulikuwa umepewa kitu kila baada ya saa nne kwa miezi saba, ukajipanga kukizunguka, na sasa mtu amekuja usiku akakivuta kama anayevuta kitambaa cha meza iliyoandaliwa.

Chungu cha nne, jua linazama, nilimpelekea Fundi sahani ya futari, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Ndiyo njia pekee niliyoijua ya kuomba radhi. Alikula kimya, kisha akanisimulia bila hata kumwuliza. Zamani, kabla ya methadoni, ndugu zake walimfungia chumbani wiki mbili ili aache unga. Aliacha. Walipomfungulia wote walishangilia, wakachinja na kuku. Siku ya tatu akapitia kijiweni, akatumia kiasi kile kile alichokuwa amezoea, akazinduka hospitali. "Mkono ulikumbuka kipimo," akasema, "mwili ulishasahau. Wenzangu wengi wamekufa hivyo. Hawakufa wakitumia, wamekufa wametoka kuacha."

Nilirudi ndani na maneno hayo. Na usiku ule ule, najua mtasikitika, nilimtuma kijana wa jirani dukani. Lakini sikuanza na tisa. Nilimeza kimoja, nikangoja saa nzima nikiitazama saa ya ukutani. Arosto ikaanza kuniachia kama maji yanavyokupwa.

Jumatatu nikaenda hospitali ya serikali, kliniki ya afya ya akili. Nilikaa kwenye benchi uso nimeufunika nusu, nikiomba asipite mtu wa ofisini. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, sauti ya upole, maswali ya polisi. Vidonge vingapi? Tangu lini? Nini kingine, pombe, valiamu, dawa ya usingizi, dawa ya mfadhaiko? Una mimba? Umewahi kuanguka kifafa? Unapata mawazo ya kujidhuru? Kwa kila swali alinisubiri mpaka nijibu, hakunijibia.

Nilitegemea mahubiri. Badala yake akasema, "Wiki hii usipunguze chochote. Sita kwa siku, visizidi, visipungue, kwa saa zile zile. Na uniandikie."

Nikamwambia nimekuja kuacha. Akasema najua, ndiyo maana.

Kisha akanieleza kitu ambacho ningetamani kingeandikwa nyuma ya kila karatasi ya vidonge vile. Tramadoli ni jamii moja na mofini, kodeini na pethidini, na hata ule unga wa Fundi ni wa ukoo huohuo. Inakaa kwenye vipokezi vya ubongo na utumbo na kupoza kila kitu: maumivu, kikohozi, mwendo wa haja kubwa, hofu. Ikitoka ghafla, kila kilichopozwa kinaruka juu. Uliyekuwa unafunga choo unaharisha. Pua iliyokauka inamwaga. Aliyesinzia hapati usingizi kabisa. Arosto ni dawa ileile iliyogeuzwa nje ndani. Tofauti ya tramadoli na ndugu zake ni kwamba ina mlango wa pili. Inagusa pia kemikali zinazobeba hisia, serotonini na noradrenalini, kama baadhi ya dawa za mfadhaiko. Kwa hiyo wengine wakiacha ghafla hupata juu ya yale mengine hofu ya kupitiliza, ganzi, mishtuko kichwani kama umegusa waya, hata kuona visivyokuwepo. Mimi mishtuko niliipata chungu cha pili. Nilidhani ni majini.

Akatenganisha maneno mawili niliyokuwa nayachanganya. Kuna mwili kuzoea, na kuna uraibu. Mwili kuzoea unaweza kumpata yeyote anayemeza dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa, awe sheikh au mwizi. Uraibu ni pale unapoitafuta dawa hata inapokuharibia kazi na nyumba, na ukijaribu kujizuia unashindwa. "Wewe mguu mmoja uko huku na mmoja uko kule," akaniambia. Nikacheka, kwa sababu ya mguu wenyewe.

Mpango wake ulikuwa rahisi kuusema: kidonge kimoja kila wiki mbili. Kwa mtu aliyetumia miezi, alisema, wengi hupunguziwa takribani sehemu moja ya kumi ya kipimo cha mwanzo kila wiki. Aliyetumia mwaka au zaidi huenda polepole kuliko hapo, sehemu moja ya kumi kwa mwezi, na pengine akachukua mwaka mzima au kupita. Hakuna tuzo ya kuwahi. Kusimama ruksa, kurudi juu tusiombe.

Nikanunua daftari la kurasa 96, nikachora safu nne: saa, kidonge, maumivu kati ya sifuri na kumi, na nilichokuwa nafanya. Ile safu ya nne niliiongeza mwenyewe, mazoea ya kazi. Nayo ndiyo iliyonifungua macho. Baada ya wiki ya kwanza ya kuandika bila kupunguza, nilikaa nikaitazama kama ninavyotazama vitabu vya mteja anayedanganya. Mguu haukuwa unauma nikitoka kutembea. Haukuwa unauma nikitoka kupanda ngazi za ofisi. Ulikuwa unauma saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na saa tisa usiku, yaani saa moja hivi kabla ya kidonge, siku zote, hata Jumapili niliyoshinda kitandani. Mfupa ulishaungana tangu Desemba. Kilichokuwa kinaniuma ni saa.

Mama hakujua neno tramadoli, lakini aliposikia daktari amenizuia kufunga alinyanyua mikono. "Mgonjwa ana ruhusa, imo kwenye Kitabu. Utalipa." Nililipa, siku ishirini na sita, baadaye sana.

Tulianza kushusha katikati ya Aprili. Kile cha saa nane mchana ndicho kilichotangulia kuondoka, cha usiku tulikiacha cha mwisho. Baba watoto ndiye aliyetunza vidonge, kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, ananipa vya siku mbili. Siku ya kwanza ilinidhalilisha. Wiki ya tatu nilimshukuru, maana ubishi wangu wa usiku ulikosa pa kushika.

Kutoka sita kwenda vitano, sikuona kitu. Nilijiona bingwa. Kutoka vitano kwenda vinne, miguu ilianza kucheza usiku. Nikilala, miguu inataka kwenda sokoni. Nilitembea sebuleni saa nane za usiku huku majirani wakidhani nina ibada ya siri. Maji ya dafu, chumvi-sukari kwa siku ambazo tumbo lililegea, panadoli kwa mwili (hizo nazo zina kikomo, gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya kawaida, na mwenye ini bovu asifike huko). Dawa ya kufunga tumbo daktari alinipa kwa kuhesabu, akanionya nisiizidishe, inaweza kuvuruga moyo. Valiamu alinikatalia katakata. Nilimwomba mara mbili, mara zote mbili akanieleza kwamba ikichanganywa na dawa hizi mtu anaweza kulala na pumzi ikasahau kurudi.

Vitatu ndipo nilipokwama. Wakaguzi wa nje walikuja ofisini, nikawa silali, nalia kwenye gari. Nilimpigia daktari nikitarajia aseme nimeshindwa. Akasema, "Kaa hapo hapo kwenye vitatu." Nilikaa wiki nne badala ya mbili. Wakaguzi wakaondoka, mimi nikaendelea kushuka. Sijawahi kusikia mtu akisifiwa kwa kukaa hapo hapo, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilichofanya mwaka ule.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amenipa mazoezi ya kisigino na goti ambayo nilikuwa nayapuuza tangu Septemba. Sasa nikayafanya, kwa hasira, nikishika reli ya kibaraza. Kufikia Juni safu ya maumivu ilikuwa na mbili na tatu, mahali ambapo zamani palijaa saba.

Kutoka kidonge kimoja kwenda nusu ni hatua ndefu, watu hawaamini. Karatasini ni miligramu 25 tu, lakini ndiyo nusu ya yote uliyobaki nayo. Hapo daktari alinibadilishia kutoka zile kapsuli kwenda vidonge vyenye mstari katikati, vinavyokatika. Alinionya kwamba zipo tramadoli zinazotengenezwa kuachia dawa polepole kwa saa kumi na mbili au ishirini na nne, na hizo hazikatwi, hazitafunwi wala hazisagwi, maana dawa yote inamwagika mara moja. Wiki mbili za nusu. Kisha nusu siku moja, siku ya pili hapana.

Katika miezi hiyo nilisoma sana, hasa usiku wa miguu. Nikajua kwamba Marekani, ambako kuanzia 1996 kampuni ya Purdue ilitangaza OxyContin, dawa ya maumivu ya ukoo huohuo, kama vile ni peremende, walipokuja kushtuka walianza kuwakatia wagonjwa dawa ghafla, na hilo nalo likaua. Aprili 2019 mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo rasmi kwa madaktari wasisimamishe dawa hizi kwa kishindo kwa watu ambao miili yao imeshazizoea, kwa sababu ya arosto kali, maumivu, na watu kujiua. Nchi yenye hospitali zote zile ilifanya kosa nililofanya mimi chooni, na haikuwa hata na kisingizio cha mwezi kuandama.

Nikajua pia habari za jirani zangu. Methadoni ya Fundi ilianza Muhimbili Februari 2011, ya kwanza Tanzania Bara, Mwananyamala ikafuata. Wakenya walianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Huko kwenye dirisha, ambako mimi nilikuwa nikipita nimeziba pua, kulikuwa na watu waliolijua jambo hili kwa miaka mingi: kwamba mwili unashushwa kwa kipimo, mililita kwa mililita, na mtu anaandikwa jina lake.

Ila kuna hofu nyingine sitaki kuiongezea kuni. Shangazi yangu, dada wa baba, alimalizia kansa yake na mofini ya maji kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road. Alikunywa kwa kijiko, akazungumza nasi mpaka wiki ya mwisho, akagawa vitenge vyake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe. Uganda wanafanya hivyo tangu 1993, Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda. Anayesoma habari zangu akaenda kumnyang'anya mgonjwa wa kansa chupa yake, hajanielewa.

Na hesabu zangu ni zangu. Mjamzito asijaribu kushuka peke yake kabisa, kuacha ghafla kunamtikisa na aliye tumboni, na madaktari wana njia nyingine. Mwenye kifafa, anayechanganya na pombe au valiamu, anayewaza kujidhuru, hao waanzie hospitali, wasianzie kwenye daftari. Na ukimwona mtu anatapika na kuharisha mpaka mkojo umekauka, au amechanganyikiwa, au ameanguka akikakamaa, usibishane naye habari za kipimo cha malaria, mpeleke. Hali kadhalika aliyerudia dawa baada ya kuacha, ukamkuta amelala haamki, pumzi zinahesabika, midomo imepauka rangi. Hospitali kuna naloksoni, inayoziondoa dawa hizi kwenye vipokezi na kurudisha pumzi, lakini dakika zinakwenda.

Nusu ya mwisho niliimeza wiki moja kabla ya Nanenane. Mama alikuwa anakaanga visheti jikoni, hakuna aliyejua ni siku gani zaidi ya kopo la Blue Band, ambalo baba watoto alilishusha, akaliosha, akaweka humo karafuu. Usiku haukuwa mzuri. Wala uliofuata. Kwa karibu mwezi mmoja nilikuwa mtu wa kulala saa nne kwa usiku na kulia kwenye taarifa ya habari.

Septemba mvua za vuli hazijaanza, vumbi tupu, nilimpelekea Fundi kandambili yangu iliyokatika ukanda. Nikapiga chafya. Nikapiga nyingine. Akaacha kushona.

"Vumbi hilo, Fundi," nikamwambia.

"Pandisha mkono wa baibui."

Nikapandisha mpaka kwenye kiwiko. Akainama, akaitazama ngozi yangu kwa karibu, huku na huku, kama anavyokagua mshono wa kiatu cha mtu mwingine. Vinyweleo vilikuwa vimelala.

"Mia tano," akasema, akairudia kandambili.